Motokari Yetu: Waya wa resho na ventilateri ya radiateri

Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya matairi kabla mvua haijaanza. Matairi yatangoja. Wengi wenu mmekwisha kusikia, sokoni ao siku ya likelemba, kwamba motokari ya shirika ilikaribia kuungua njiani kutoka Kasumbalesa, na habari hiyo imekwisha kuongezwa chumvi nyingi. Kuna aliyetuambia usoni petu kwamba iliteketea yote. Haikuteketea. Inalala katika lupango la Mama Prezidente kama siku zote. Lakini ilibaki kidogo, na sisi tuliokuwa ndani tunaandika jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kosa lile tumelikuta tena katika motokari mbili za wanamemba tangu siku ile.

Tulikuwa watu saba. Bamama watano, shoferi wetu ambaye ni mmoja wetu, na mtoto wa miaka sita juu ya magoti. Nyuma kulikuwa magunia ya unga na mabidoni ya mafuta ya kupikia. Ilikuwa mwezi wa kumi, na mnajua mwezi wa kumi kwetu: ardhi imekauka, mvua bado haijaja, mchana joto linafika nyuzi 32 na kuzidi. Malori ya shaba yalikuwa yameziba barabara. Kwa masaa mawili tulisogea kilomita chache tu, moteri inazunguka na motokari haiendi.

Mtoto ndiye aliyesema wa kwanza. "Mama, kunanuka mupira ya kuungua." Mama yake akamjibu ni harufu ya malori. Dakika mbili baadaye moshi ulitoka chini ya tablo, upande wa miguu ya shoferi. Akazima moteri, akatoa ufunguo, na moshi ukaendelea. Hapo ndipo tulipotishika. Motokari imezimwa, ufunguo uko mkononi, na bado inaungua.

Tulitoka wote, mtoto kwanza. Mmoja wetu alijaribu kuvuta ule waya kwa kikwembe, kikwembe kikaungua tundu la kiganja kizima. Tulifungua kapo, tukaiona batri, lakini kosi zake zilikuwa zimekazwa na hatukuwa na ufunguo namba 10. Shoferi wa lori la nyuma yetu alikuja mbio na wake, akafungua upande wa minus, moshi ukakoma. Hatukujua jina lake. Kama gazeti hili litamfikia, bamama saba (tunamhesabu na mtoto, ni msichana) wanamshukuru.

Sasa tueleze kilichounguza.

Mbele ya moteri kuna radiateri, na juu ya radiateri kuna ventilateri ya umeme. Motokari ikikimbia, upepo wa njia unatosha kupoza maji. Ikisimama ao ikienda polepole, upepo hakuna, na ventilateri peke yake ndiyo inayofanya kazi hiyo. Ya kwetu ilikuwa imezeeka. Mnamo mwezi wa saba fizibo yake ilikatika. Fundi akaweka nyingine, ikakatika tena baada ya siku chache. Mara ya tatu fundi akasema fizibo inasumbua, tuifunge direkti. Akachukua waya wa nyumba, ule wa milimita moja na nusu tunaoutumia kwa taa, akautoa kwenye batri, akaupitisha katika tundu la bati linalotenga moteri na viti, akafunga swichi ya ukutani chini ya tablo, kisha akaurudisha waya mbele mpaka kwenye ventilateri. Maji yakipanda joto, shoferi anabonyeza swichi. Hakuna fizibo, hakuna rele, haikupita hata kwenye ufunguo.

Mmoja wetu alimwuliza siku ile kama waya huo unatosha. Jibu lake tunalikumbuka neno kwa neno: "Mama, waya hii inabebaka resho. Itashindwa ventilateri?"

Tulikubali. Hatuwezi kumtupia fundi lawama yote, maana jibu lile lilionekana lina akili. Kila mmoja wetu anajua resho. Tunajua inavyokula umeme, tunajua ralonji nyembamba inavyoyeyuka ukiweka sufuria ya maharage asubuhi mpaka saa sita. Ventilateri ni kitu kidogo, kinapuliza upepo tu. Kama waya unabeba resho, utashindwaje na upepo?

Kosa liko hapa. Resho ya wati 1000 inapata umeme wa volti 220. Gawanya 1000 kwa 220, utapata amperi nne na nusu hivi. Ventilateri ya motokari ni wati 300 tu, chini ya theluthi moja ya resho, lakini batri inatoa volti 12. Gawanya 300 kwa 12: amperi 25. Na kinachopasha waya moto ni amperi. Kitu kidogo cha mbele ya motokari kinapitisha katika waya umeme mara tano na zaidi ya ule wa resho. Tena joto la waya halipandi sawasawa na amperi. Amperi zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Zikiwa mara tano, joto ni mara ishirini na tano. Mtoto wa Mama Kesiye, anayesoma umeme katika shule ya ufundi, alituandikia hesabu hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa jikoni, na bado iko pale.

Na hizo 25 ni za ventilateri nzima. Moteri yake inapoanza kuzunguka inavuta mara mbili ao tatu ya hapo kwa kitambo kidogo, chini ya sekunde moja. Ikiwa imezeeka, imejaa vumbi na inazunguka kwa shida kama ile yetu, inavuta zaidi wakati wote. Ndiyo sababu fizibo ilikuwa inakatika. Fizibo haikuwa inasumbua. Ilikuwa inatuambia habari, na sisi tulilipa feza ili inyamazishwe.

Kwa hiyo katika foleni ile waya ulipata moto masaa mawili bila kupumzika, ndani ya joto la moteri. Plastiki yake ikalainika. Pale ulipopita katika tundu la bati hapakuwa na mpira wa kuukinga, basi ukingo wa bati ukaikata plastiki iliyolainika, shaba ikagusa bati, na batri nzima ikajimwaga katika waya mwembamba. Ventilateri haikuungua hata kidogo, waya ndio uliowaka. Tulipoutoa ulikuwa mweusi tangu batri hadi chini ya tablo, na swichi ya ukutani imekuwa kama kipande cha kaukau.

Tumeandika shaba ikagusa bati, lakini hapo pia kuna neno. Tulipoukwaruza waya ule kwa kisu, juu ulikuwa mwekundu na ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba, na waya wa namna hiyo wa unene uleule unapata moto zaidi kuliko wa shaba tupu. Tulicheka kwa uchungu. Sisi wa Lubumbashi, ambapo shaba ilianza kuyeyushwa mwaka 1911, ambapo mababu walitumia misalaba ya shaba kama feza, ambapo bomba la moshi la Gécamines linaonekana toka kila kartiye, tulikuwa tumeketi nyuma ya malori yaliyobeba shaba kuelekea mpakani, ndani ya motokari inayoungua kwa kukosa mita chache za shaba. Tangu siku ile hatununui waya bila kumwomba muuzaji atukatie ncha na kuikwaruza mbele yetu. Wengine wanakasirika. Tunakwenda kwa mwingine.

Motokari tuliifunga upya jumamosi mbili zilizofuata, sisi wenyewe, pamoja na mtoto wa Mama Kesiye na mwalimu wake aliyekuja kuangalia kazi. Kwanza tulitafuta ventilateri nyingine ya okazyo. Kabla ya kulipa tuliizungusha kwa kidole: inapaswa kuzunguka laini na kusimama polepole, isikwaruze. Mwalimu alileta koleo la kupimia amperi, lile linalozunguka waya bila kuukata. Iliposhika mwendo ilivuta 23. Angalisho kwa wenye multimetri ndogo ya sokoni: msiunganishe ventilateri kupitia ndani yake kupima amperi. Nyingi zinaishia 10, itaungua mkononi mwenu.

Kisha rele. Hiki ni kisanduku kidogo cheusi chenye miguu, na akili yake ni ya mama mwenye duka anayemtuma kijana kubeba gunia: anayeamuru si anayebeba. Waya mwembamba unatosha kuamuru rele, maana rele yenyewe inakula sehemu ya kumi mbili tu za amperi. Ndani yake mlango mnene unafunguka, na umeme mzito unapita pale, toka batri kwenda ventilateri kwa njia fupi, bila kuingia kamwe mahali ambapo watu wameketi. Chini ya rele kuna namba. 30 inatoka batri. 87 inakwenda ventilateri. 85 na 86 ni za amri. Rele tuliyonunua imeandikwa amperi 40. Iliyoandikwa 20 iliuzwa palepale kwa bei ndogo, na kwa macho zinafanana kabisa, basi someni maandishi.

Waya mzito ulikuwa wa milimita sita, wa nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa nyumba una uzi mmoja mgumu, na mtikisiko wa barabara zetu unauvunja ndani ya plastiki bila kuonekana. Tulihitaji mita moja na nusu tu, kwa kuwa njia ilikuwa fupi, badala ya zile mita nne na nusu za kwenda mpaka kwenye tablo na kurudi. Bei ya waya, rele, fizibo na kosi, vyote pamoja, haikufika bei ya gunia moja la unga la kilo 25. Tunalisema kwa ajili ya wale waliouliza katika mkutano kwa nini shirika linatoa feza kwa "mambo ya wanaume".

Fizibo iliwekwa karibu na batri, umbali wa kiganja kimoja. Hapa tulibishana. Mmoja wetu alitaka iwe karibu na ventilateri, kwa wazo kwamba inalinda ventilateri. Mwalimu akasema hapana: inalinda waya. Sehemu yote ya waya iliyo kati ya batri na fizibo haina mlinzi, kwa hiyo sehemu hiyo iwe fupi iwezekanavyo. Ni ya amperi 40, kwa kuwa waya wetu unaweza kuzibeba na mshtuko wa kuanza hauikati. Ikikatika siku moja, tutatafuta sababu. Hatutaweka ya 60, wala msumari, wala karatasi ya sigara.

Masi ilituchelewesha kuliko vyote. Umeme unaokwenda lazima urudi, na unarudi wote, amperi zilezile 23. Masi ya zamani ilikuwa skrubu yenye kutu juu ya rangi. Tulikwaruza bati mpaka likang'aa, tukaweka kosi ya kubanwa, tukapaka grisi juu. Kosi zote zilibanwa kwa koleo lake, si kwa meno wala kwa kusokota na skochi. Pale waya unapopita kwenye bati tuliweka mpira uliokatwa toka kamera ya baiskeli.

Na nani anaamuru? Sonda ya joto ya motokari yenyewe, ambayo ilikuwa nzima muda wote ule na hakuna aliyeiuliza. Kamba ya amri inapita pia kwenye ufunguo, hivyo ufunguo ukitoka ventilateri inasimama. Katika motokari nyingine haisimami, inaweza kuanza yenyewe hata kama moteri imezimwa, na kwa hiyo bamama, mkifungua kapo funganeni vizuri ncha za vikwembe na msiache mtoto aweke kidole.

Kuna wanaotuuliza juu ya visanduku vya elektroniki vinavyoongoza ventilateri kidogokidogo, polepole maji yakiwa vuguvugu na kwa nguvu yakiwa moto. Ni vizuri. Vinaondoa ule mshtuko wa kuanza, na usiku katika foleni vinaipunguzia mzigo alternateri, ambayo moteri ikizunguka polepole haitoi umeme wake wote, huku taa za mbele peke yake zinakula karibu amperi 9. Lakini kisanduku kile chenyewe kinapata moto, kinataka kukaa penye upepo na mbali na maji, na kikifa njiani kuelekea Likasi hakuna wa kukitengeneza. Rele inauzwa kwenye kibanda chochote. Tumebaki na rele kwa sasa. Atakayechagua kisanduku ajue kwamba kinadai waya uleule mnene na fizibo ileile, maana amperi zinapita ndani yake vilevile.

Tulipomaliza tuliacha moteri izunguke nusu saa ikiwa imesimama. Tulipima volti kwenye batri, kisha kwenye ventilateri inayozunguka: tofauti ilikuwa 0.2. Kwa waya wa zamani, hata ungekuwa wa shaba safi, zaidi ya volti moja ingepotea njiani kama joto. Kisha tukashika waya, rele na fizibo kwa mkono. Vilikuwa vuguvugu. Asiye na chombo cha kupimia anao mkono: baada ya dakika kumi za kuzunguka, pale ambapo hawezi kushika ndipo penye ugonjwa.

Jambo moja bado, na hili si la umeme. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji ya sufuria hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Wenye kupika maharage wanalijua bila kuambiwa. Ventilateri za motokari nyingi zinaanza kati ya nyuzi 92 na 98. Kinachozuia maji ya radiateri yasichemke kabla ya hapo ni kifuniko chake, kinachoyabana. Kifuniko kikiwa na mpira uliopasuka, maji yatachemka hata kama ventilateri ni mpya, na fundi ataanza tena kuchezea nyaya zisizo na kosa. Tazameni kifuniko kwanza. Lakini moteri ikiwa imepoa, tafadhali. Mmoja wetu ana kovu la shingo kwa kukifungua moto.

Tulirudi kwa fundi yule wa mwezi wa saba, si kwa ugomvi. Tulimpelekea kile kipande cha swichi na waya mweusi. Alivitazama kwa muda, akauliza, "Bamama, mulikuwa wangapi mule ndani?" Tukamwambia saba. Akakaa kimya, kisha akatuomba tumwandikie ile hesabu ya resho. Tulimwandikia nyuma ya risiti. Alituambia kwamba kuna motokari nyingine alizozifunga namna ile, na kwamba anazijua zote. Mbili tumekwisha kuziona, ni za wanamemba wa Katuba na Ruashi, na swichi za ukutani zimetolewa. Nyingine ni teksi, na anazitafuta.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tutafungua kapo katika lupango la Mama Prezidente kwa kila mwanamemba mwenye motokari, hata kama inaendeshwa na bwana ao mtoto. Hakuna kulipa. Kama chini ya tablo yenu kuna swichi ya ukutani, msingoje jumamosi, na msiingie foleni ya Kasumbalesa nayo. Njooni na ufunguo namba 10. Wa shirika sasa umefungwa kwa kamba kando ya batri, na hauazimwi.